Kinyozi Hajinyoi: Akili Zetu na Programu Tunazoandika

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni karibu na moto, wajukuu wangu. Baridi ya Mweiga haina adabu, na ukungu wa Nyandarua umeshateremka hadi barabarani. Leo sina hadithi ya sungura wala fisi. Nina namba iliyowashtua Wakenya, mkulima aliyepunjwa bila mwizi, na roketi iliyopasuka kabla dakika haijaisha. Hadithi zote tatu zinazunguka jambo moja. Kompyuta hufanya kile ilichoambiwa, haizidishi wala haipunguzi. Anayeiambia ni binadamu, na binadamu ana haraka, ana kiburi, husahau, na hupenda sana kusikia neno "ndiyo".

Msidhani haya ni mambo ya mbali. Ukitoka hapa kwenda Nyeri mjini unakipita Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi, ambako vijana wanasomea kazi hii hii ya kuandika programu. Tena mwaka 2022 taasisi yetu ya mitaala, KICD, iliidhinisha mafunzo ya kuandika programu kwa shule za msingi na za upili. Basi baadhi yenu mtaifanya kazi hii. Kuandika programu ni kuipa kompyuta maagizo hatua kwa hatua, na maagizo hayo yakishaandikwa huitwa msimbo. Ni vizuri mjue mapema kwamba makosa mengi ya msimbo huzaliwa kichwani mwa mtu kabla hayajafika kwenye skrini.

Namba ya Bomas

Tarehe 4 Machi 2013 Wakenya walipiga kura. Kule Bomas, Nairobi, tume ya uchaguzi ya IEBC iliweka skrini kubwa, na matokeo yakawa yanaingia kutoka vituoni. Nchi nzima ilikodolea macho televisheni. Kura za wagombea zilipanda kama ilivyotarajiwa. Lakini safu moja ilipanda kupita kiasi, nayo ni ile ya kura zilizokataliwa, yaani zilizotiwa alama vibaya. Ikavuka 300,000.

Watu wakaanza kuulizana. Je, Wakenya wamesahau kutia alama kwenye karatasi? Baadaye maofisa wa tume walieleza kwamba kulikuwa na kosa ndani ya programu: kila kura iliyokataliwa ilikuwa inazidishwa kwa 8. Hesabu ilipofanywa kwa fomu, moja baada ya nyingine, jumla ya kura zilizokataliwa ilitangazwa kuwa 108,975, kati ya kura zaidi ya milioni 12 zilizopigwa.

Sasa angalieni ujanja wa kosa la aina hii. Chukua kituo ambacho hakina hata kura moja iliyokataliwa. Sifuri mara 8 ni ngapi? Ni sifuri. Jibu ni sahihi kabisa! Ukiijaribu programu kwa vituo safi peke yake, utaondoka ukipiga mluzi. Kosa linakaa kimya likingoja kituo chenye kura 5 zilizokataliwa, na hapo ndipo skrini inapoandika 40.

Mtaniuliza, mtu mwenye akili timamu atajaribuje programu kwa namba rahisi tu? Subirini niwachezeshe mchezo.

Mchezo wa 2, 4, 6

Nina kanuni moja kichwani, nayo inahusu namba tatu zinazofuatana. Nawapa mfano mmoja unaoikubali: 2, 4, 6. Kazi yenu ni kuigundua. Nitajieni namba tatu zozote, nami nitasema kama zinaikubali kanuni au haziikubali.

Najua mtakachosema. Mmoja atataja 8, 10, 12. Nitajibu ndiyo. Mwingine atataja 20, 22, 24. Ndiyo tena. Wa tatu atajaribu 100, 102, 104. Ndiyo! Hapo mtarukaruka na kupiga kelele: "Tumeipata! Ni namba shufwa, kila moja inazidi iliyotangulia kwa 2!"

Mmekosa. Kanuni yangu ni hii: namba ya pili iwe kubwa kuliko ya kwanza, na ya tatu iwe kubwa kuliko ya pili. Basi. Hata 1, 7, 900 zingefaa.

Mchezo huu aliubuni mwanasaikolojia wa Uingereza, Peter Wason, na matokeo yake aliyachapisha mwaka 1960. Aliwajaribu watu 29, wote wasomi. Ni 6 tu waliotaja kanuni sahihi bila kutangulia kutaja isiyo sahihi. Wengi walifanya mlivyofanya nyinyi: walikusanya "ndiyo" nyingi, wakasahau kutafuta "hapana" moja. Mtu angetaja 6, 4, 2 au 3, 5, 20 angejifunza zaidi ya yule aliyekusanya ndiyo kumi.

Waandishi wa programu nao wana tabia hiyo hiyo. Mwaka 1994 watafiti wa Marekani, wakiwemo Barbee Teasley na Laura Leventhal, walichapisha utafiti kuhusu watu wanaopima programu. Waliona kwamba wapimaji huelekea kuchagua majaribio yanayothibitisha kwamba programu inafanya kazi, na kuyaacha yale yanayoweza kuiangusha. Wala si uvivu. Akili ya binadamu imezoea kutafuta ushahidi wa kile inachokiamini tayari.

Maziwa ya alfajiri

Hebu tumfikirie msichana wa Gredi ya 8 hapa Mweiga. Mama yake hupeleka maziwa kituoni kila alfajiri, na karani huandika kilo daftarini. Msichana anataka kumsaidia karani, anaandika programu. Kiini chake ni mistari mitatu:

kilo = namba aliyoandika karani
bei = 50
malipo = kilo × bei

Anaijaribu. Kilo 10, malipo 500. Sawa. Kilo 4, malipo 200. Sawa. Kilo 20, malipo 1,000. Sawa! Anamwita mama yake aje aone.

Kwa nini alichagua 10, 4 na 20? Kwa sababu majibu yake anayajua kichwani. Aliuliza maswali ambayo angependa kuulizwa. Lakini ng'ombe hawatoi maziwa kwa kufuata hesabu za kichwani. Siku ya pili mama anapeleka kilo 7.5. Ikiwa msichana aliiambia programu ipokee namba nzima tu, ile nusu inakatwa, na 7.5 inakuwa 7. Malipo yanaandikwa 350 badala ya 375. Ni shilingi 25 tu, ila kwa siku 30 ni shilingi 750. Hakuna aliyeiba, na hakuna wa kukamatwa. Programu haikulia wala kutoa onyo. Ilitii tu.

Sasa mtazame karani. Ni saa kumi na mbili asubuhi, vidole vimekufa ganzi, foleni ya mitungi imefika barabarani, na mtu wa nyuma analalamika kwamba matatu itamwacha. Karani anataka kuandika 7.5, anaruka ile nukta, inakuwa 75. Programu inakubali bila wasiwasi: shilingi 3,750.

Je, tumlaumu karani? Mwandishi asiyewajua watu atasema, "Angekuwa makini." Mwandishi anayewajua watu ataongeza swali moja kwenye programu yake: "Mkulima huyu huleta kilo 7 au 8. Una hakika ni 75?" Nyote mmewaona wazazi wenu wakituma pesa kwa M-Pesa, huduma iliyoanza Machi 2007. Kidole kikiteleza kwenye tarakimu moja, pesa zinaweza kuishia kwa mtu usiyemjua. Ndiyo maana siku hizi jina la mpokeaji huonyeshwa ili mtumaji alisome na apate nafasi ya kusitisha. Waliobuni hatua hiyo walijua kwamba vidole huteleza hata vya mtu makini.

Hapa kwetu tunao mfano mzuri wa kutafuta udhaifu kabla mwingine hajauona. Mnaujua uzio wa umeme unaoizunguka Hifadhi ya Aberdare, ulioanza kujengwa mwaka 1989 na kukamilika 2009, wenye urefu wa karibu kilomita 400. Ndovu hausukumi pale ambapo fundi anajivunia kazi yake. Huusukuma pale nguzo imelegea, na wengine wamejifunza kukata waya kwa pembe, kwa kuwa pembe haipitishi umeme kama ngozi. Anayeukagua uzio huo lazima atembee akifikiri kama ndovu. Nanyi mkishaandika programu, itembeleeni kwa fikira hizo: ingizeni sifuri, ingizeni nusu, ingizeni namba iliyo chini ya sifuri, acheni nafasi tupu, andikeni neno "kumi" mahali panapotakiwa 10. Kila moja ya hizo, siku moja, mtu ataiingiza kweli.

Akili haibebi mengi

Mwaka 1956 mwanasaikolojia wa Marekani, George Miller, aliandika makala maarufu kuhusu idadi ya vitu ambavyo mtu anaweza kuvishika akilini kwa wakati mmoja. Alisema ni kama 7, pengine viwili zaidi au viwili pungufu. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alipitia ushahidi uliokusanywa tangu hapo, akaona kwamba mara nyingi idadi hiyo inakaribia 4. Jaribuni kukumbuka namba ya simu mliyoisikia mara moja huku mtu akiwaita mkale, mtaona.

Jambo hili linabadilisha kabisa namna ya kuandika msimbo. Tazameni mstari huu:

m = k × b − k × t

Mnaelewa? Mimi sielewi, na aliyeuandika naye hatauelewa baada ya miezi mitatu. Kila herufi inamlazimu msomaji akumbuke maana yake, na nafasi akilini ni chache. Sasa tazameni huu:

malipo = kilo × bei − kilo × tozo_ya_usafiri

Kompyuta haioni tofauti yoyote kati ya mistari hiyo miwili. Majibu ni yale yale. Tofauti anaiona binadamu. Kwa hiyo majina yanayoeleweka, mafungu mafupi ya maagizo na nafasi kati ya mistari si mapambo. Ni msaada kwa akili isiyobeba mengi. Edsger Dijkstra, Mholanzi aliyepata Tuzo ya Turing ya mwaka 1972, alitoa hotuba akisema mwandishi hodari wa programu ni yule anayejua mipaka ya fuvu lake, akaifanya kazi yake kwa unyenyekevu.

Macho nayo hudanganya. Februari 2014 kampuni ya Apple ilirekebisha kosa kwenye programu ya kulinda mawasiliano ya simu na kompyuta zake. Ndani ya msimbo, mstari mmoja ulikuwa umeandikwa mara mbili. Mstari wa kwanza ulikuwa chini ya sharti: kukitokea shida, ruka hadi mwisho. Wa pili ulikuwa umesogezwa ndani sawasawa na wa kwanza, hivyo ukaonekana uko chini ya sharti lile lile. Haukuwa. Kompyuta iliutekeleza kila mara, ikaruka hatua muhimu ya ukaguzi. Mtu akiutazama ukurasa aliona umbo zuri, akapita. Mtakapojifunza lugha ya Python, ambayo Guido van Rossum aliitoa mwaka 1991, mtaona kwamba humo nafasi iliyo mwanzoni mwa mstari ni sehemu ya agizo lenyewe. Jicho likiona mstari uko ndani, kompyuta nayo inauona uko ndani.

Roketi na neno "jana"

Tarehe 4 Juni 1996, huko Kourou katika Guyana ya Ufaransa, nchi za Ulaya zilirusha roketi mpya, Ariane 5. Ilikuwa safari yake ya kwanza, imebeba setilaiti 4 za utafiti. Kama sekunde 37 baada ya injini kuwashwa, kompyuta za kuiongoza zilizima. Roketi ikapinda ghafla na kupasuka vipande vipande.

Tume ya uchunguzi, ikiongozwa na mwanahisabati Jacques-Louis Lions, ilikuta chanzo kwenye kipande cha msimbo kilichochukuliwa kutoka Ariane 4. Kwenye Ariane 4 kilifanya kazi bila matatizo. Ndani yake, namba moja inayohusu mwendo wa roketi ilikuwa inahamishiwa mahali pasipoweza kupokea zaidi ya 32,767. Ariane 4 haikukimbia kiasi cha kufikia hapo. Ariane 5 ilikuwa na kasi zaidi, namba ikazidi, kompyuta ikashindwa. Kompyuta ya akiba nayo ilikuwa na msimbo ule ule, kwa hiyo iliangushwa na kosa lile lile. Na hesabu yenyewe, wajukuu wangu, haikuwa na kazi yoyote baada ya Ariane 5 kuondoka ardhini.

Walioandika msimbo huo hawakuwa wajinga, walikuwa mahodari. Kilichowaponza ni imani ambayo sote tunayo: jana ilifanya kazi, basi na leo itafanya kazi. Jambo likishazoeleka, akili huacha kuliuliza maswali. Ndiyo maana msimbo wa zamani ukihamishiwa mahali papya hujaribiwa upya, hata kama ulisifiwa na kila mtu.

Marilyn na maagizo 13

Nimeweka hii ya mwisho kwa kuwa inahusu adui mkubwa kuliko wote, naye ni kiburi.

Mwaka 1971 Mmarekani Gerald Weinberg alichapisha kitabu kuhusu saikolojia ya kuandika programu. Anasimulia kisa cha mwandishi mmoja hodari, Bill, aliyempa mwenzake Marilyn msimbo wake aupitie. Marilyn alikuta makosa 17 ndani ya maagizo 13. Makosa yalizidi maagizo!

Mngekuwa Bill mngefanya nini? Wengi wetu tungenuna. Tungesema Marilyn ana wivu, au kwamba hakuelewa. Bill alifanya kinyume. Aliona siku hiyo hakuwa katika hali nzuri ya kuandika, akakicheka kisa hicho na kuwasimulia wenzake. Weinberg alieleza kwamba mtu anapouona msimbo kuwa sehemu ya nafsi yake, kila kosa linalopatikana humwuma kama tusi, na akili yake hujitahidi kutoliona. Akiuona kuwa ni kazi tu, kosa linakuwa habari njema, kwa sababu limepatikana kabla halijamdhuru mtu.

Wahenga walishasema kinyozi hajinyoi. Hata awe na wembe mkali kiasi gani, kisogo chake hakioni. Mwandishi akiupitia msimbo wake mwenyewe, anasoma alichokusudia kuandika, sio alichoandika. Mwenzake hana kumbukumbu ya makusudio hayo. Ana maandishi tu mbele yake.

Kenya inao mfano wa kujivunia. Mapema mwaka 2008, ghasia zilipozuka baada ya uchaguzi, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich, David Kobia na wenzao walitengeneza Ushahidi, programu iliyokusanya taarifa za wananchi na kuzionyesha kwenye ramani. Iliandikwa kwa siku chache tu. Haraka ya namna hiyo huzaa makosa, kila mtu anajua. Lakini wenyewe hawakuuficha msimbo. Waliuacha wazi, mtu yeyote wa nchi yoyote ausome, aukosoe na kuurekebisha. Tetemeko la ardhi lilipoipiga Haiti Januari 2010, programu iliyozaliwa Kenya ilitumika kukusanya taarifa za waliohitaji msaada.

Basi mkirudi shuleni fanyeni hivi. Ukimaliza programu yako ya kwanza, usimwite rafiki yako aje aisifu. Mwite aje aivunje. Mpe nafasi aandike upuuzi wowote anaoutaka, nawe kaa kando, usimwelekeze, usijitetee. Akiivunja, andika alivyoivunja, rekebisha, kisha umwambie asante kwa moyo wote, maana amekuepusha na aibu na amemwepusha mkulima na hasara. Asipoweza kuivunja, mtafute mwingine aliye mtundu zaidi.